Ombi la mapema likiahirishwa: kamati inarudi kusoma nini, na wewe utume nini

Katikati ya Desemba vyuo vikuu vya Marekani hutoa majibu ya raundi ya mapema, ile ambayo maombi yake hufungwa tarehe 1 au 15 Novemba. Majibu ni matatu: umekubaliwa, umekataliwa, au ombi lako limeahirishwa. Hilo la tatu ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu barua yake huandikwa kwa upole mwingi na mtu anaweza kuisoma mara tatu asijue ameambiwa ndiyo au hapana.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu akisikia "kuahirisha" chuoni, kwetu Afrika Mashariki huwaza mwanafunzi aliyesimamisha masomo kwa mwaka mmoja. Hapa aliyeahirisha ni chuo, na kilichoahirishwa ni uamuzi. Faili lako linatolewa kwenye fungu la Novemba na kuwekwa kwenye fungu la Januari pamoja na maelfu ya waombaji wapya, na wote mtajibiwa Machi. Huombi upya, hulipi ada ya maombi mara ya pili, na insha zako zinabaki zilezile. Wala hii si orodha ya kusubiri. Aliye kwenye orodha ya kusubiri anangoja nafasi ibaki baada ya wengine kukataa. Aliyeahirishwa bado anashindania nafasi ambazo hazijagawiwa.

Jambo ninalotaka likae kichwani kwa mwanafunzi, mzazi na mwalimu ni hili: kamati ya udahili ikirudi kwenye faili lako Februari, inaanzia kwenye maelezo ambayo msomaji wa kwanza aliyaacha Novemba, kisha inatafuta kilichoongezeka. Na kilichoongezeka huwa na uzito kikithibitishwa na mtu mwingine asiye wewe, hasa shule yako.

Bado umefungwa au uko huru?

Kabla ya kuandika barua yoyote, angalia uliomba kwa mpango gani. Mpango unaoandikwa ED (Early Decision) kwenye fomu unakufunga: ukikubaliwa unakwenda, na maombi mengine unayaondoa. EA (Early Action) haukufungi. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana aina ya tatu: hawakufungi kwenda, lakini wanakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine vingi, hasa vya binafsi.

Ukiahirishwa kwenye ED, kifungo kimekatika. Hata wakikukubali Machi, una uhuru wa kulinganisha na vyuo vingine na kuchagua. Wazazi wengi hawalijui hili, wakaendelea kudhani mtoto "ameshaahidi". Na kizuizi cha kina Harvard na Yale nacho kinaisha siku ya jibu la Desemba, kwa hiyo unaweza kuomba chuo kingine kwa raundi ya pili ya ED. Raundi hiyo hufungwa siku za kwanza za Januari, vyuo vingine katikati ya mwezi, na majibu hutoka Februari. Bowdoin, Swarthmore, Middlebury, Vanderbilt, Emory, Johns Hopkins na Chicago ni baadhi ya vyuo vyenye raundi hiyo. Ila kumbuka kwamba hiyo nayo inafunga. Ukikubaliwa Februari, lile ombi lililoahirishwa unapaswa kuliondoa mara moja, hata kama ndicho chuo ulichokiota tangu kidato cha pili. Kama moyo haujakubali hilo, usiombe.

Kuahirishwa hakuna maana moja

Kabla ya kufurahi au kukata tamaa, uliza chuo chako huahirisha watu wangapi. Desemba 2023, Harvard ilipokea maombi ya mapema 7,921 na kukubali 692. Zaidi ya asilimia 80 ya waombaji wote waliahirishwa. Yale, mwezi huohuo, ilipokea 7,856, ikakubali 709, ikaahirisha asilimia 20 hivi na kukataa asilimia 70. Kwa hiyo kuahirishwa Yale kunasema kitu ambacho kuahirishwa Harvard hakusemi: Yale ilishachuja, na faili lako lilibaki baada ya watu saba kati ya kumi kuondolewa. Harvard karibu haijachuja. Georgetown kwa miaka mingi haikumkataa mtu kwenye raundi ya mapema. Ambaye hakukubaliwa aliahirishwa, na karibu asilimia 15 ya walioahirishwa walikubaliwa baadaye. Kwa chuo kigumu kiasi kile, hicho ni kiwango kizuri.

Kuna hesabu moja ambayo karibu hakuna anayeifanya. Mwaka huohuo Harvard ilipokea jumla ya maombi 54,008 na kukubali 1,937. Toa wa mapema, unabaki na nafasi 1,245 kwa waombaji wapya 46,087, na watu husema basi nafasi ni asilimia 2.7. Si kweli. Nafasi hizo 1,245 ziligawiwa pia kwa zaidi ya watu 6,000 walioahirishwa. Idadi ya washindani ni zaidi ya 52,000, na asilimia inashuka chini ya 2.4. Siandiki haya kumvunja mtu moyo. Nayaandika kwa sababu mwanafunzi aliyeahirishwa na chuo cha aina hii, akaacha kumalizia maombi mengine kwa kungoja Machi, amejiweka kwenye hatari ambayo haikuwa ya lazima.

Sababu za kuahirishwa nazo hutofautiana. Kuna faili zuri ambalo kamati inataka kulilinganisha na fungu zima kwanza. Kuna faili linalopungukiwa na taarifa: alama za muhula huu hazijafika, mtihani wa Kiingereza haukufikia kiwango, au SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ilifanywa mara moja tu. Lipo pia faili linaloahirishwa kwa heshima, mathalani la mtoto wa mhitimu wa chuo hicho, ambalo matumaini yake ni madogo. Barua haitakuambia uko fungu gani. Mwalimu mshauri wa shule anaweza kuandikia ofisi ya udahili kwa adabu, aulize kama kuna kitu wangependa kukiona. Vyuo vingine hujibu kwa ujumla tu. Vingine humwambia mwalimu jambo ambalo wasingemwambia mwanafunzi. Mzazi asipige simu hiyo. Ofisi hizi hutarajia kusikia kutoka kwa mwanafunzi au shule, na simu ya mzazi haiongezi chochote kwenye faili.

Faili linavyosomwa mara ya pili

Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 29 Juni 2023 ilitoa hadharani mambo mengi ya ndani ya udahili. Kila faili husomwa kwanza na afisa anayeshughulikia eneo lako la kijiografia. Anaweka alama za masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na tabia, kwa ngazi ambazo 1 ndiyo ya juu, na anaandika muhtasari. Kisha faili huenda kwenye kamati ndogo ya eneo, halafu kamati kubwa ya watu takriban 40 ambako uamuzi hupitishwa kwa wingi wa kura. Mwishoni mwa Machi, kama waliopitishwa wamezidi idadi ya nafasi, kamati hurudi na kupunguza, hadi watu ambao tayari walikuwa wamekubaliwa ndani ya chumba. Vyuo vingine vina utaratibu wao, lakini umbo ni karibu hilohilo: msomaji wa eneo, muhtasari, kamati, kura, kupunguza.

Kwa aliyeahirishwa, hii ina maana tatu za vitendo. Kwanza, msomaji wako anakujua tayari; ndiye atakayekusemea, na ana dakika chache tu za kufanya hivyo. Pili, anahitaji sentensi mpya ya kusema. Akiingia chumbani na muhtasari wa Novemba usiobadilika, atapata jibu la Novemba. Tatu, sasa unalinganishwa na watu wa eneo lako walioomba Januari, ambao ni wengi zaidi.

Alama za katikati ya mwaka

Hapa ndipo uzito ulipo, na hapa ndipo wanafunzi wa Afrika Mashariki hupoteza zaidi, mara nyingi bila kosa lao.

Chuo kinategemea ripoti ya katikati ya mwaka, fomu ambayo shule hujaza kwenye Common App, tovuti ya pamoja ya kuombea vyuo vingi, na kuambatanisha alama mpya. Huijazi wewe, anaijaza mwalimu aliyesajiliwa kama mshauri wako. Inatakiwa kufika kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Mfumo huu umetengenezwa kwa shule ya Marekani ambayo muhula wake wa kwanza unaisha Desemba au Januari. Kalenda zetu ni nyingine, na kila moja ina tatizo lake.

Kenya, anayefanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Novemba anamaliza shule kabla jibu la Desemba halijatoka. Matokeo hutangazwa Januari: ya 2023 yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024, na ya 2024 tarehe 9 Januari 2025. Hii ni bahati kubwa kwa aliyeahirishwa, maana matokeo ya taifa yanafika wakati uleule kamati inapofungua faili upya. Lakini shule inakuwa imefunga au inashughulika na wanafunzi wapya, na mwalimu mshauri yuko likizo. Mwombe kabla hujaondoka shuleni Novemba: mpe orodha ya vyuo, namba yako ya Common App, na mkubaliane siku atakayopakia karatasi ya matokeo. Usingoje cheti, karatasi ya matokeo yenye muhuri na saini ya mkuu wa shule inatosha kwa hatua hii.

Tanzania, kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa Mei na NECTA hutoa matokeo Julai, baada ya kila uamuzi kupita. Kwa hiyo kinachosomwa ni mtihani wa muhula wa Desemba na, ukiwahi, mtihani wa mock. Tatizo ni namna alama zinavyoonekana. Kwenye kiwango cha kidato cha sita, A huanzia 80, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69. Msomaji wa Marekani akiona 78 kwenye Fizikia bila maelezo, kwake hiyo ni C ya juu. Mwalimu aandike kiwango hicho kwenye karatasi yenyewe ya alama, aandike nafasi ya mwanafunzi darasani na idadi ya darasa, na kama shule ina kumbukumbu, aandike ni wangapi mwaka uliopita walipata 80 na kuendelea kwenye somo hilo. "78, wa pili kati ya 112" ni habari tofauti kabisa na "78".

Jambo lingine la Tanzania ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo makuu. Anayesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) akaomba uhandisi anaonekana hajasoma hisabati ya kutosha, kwa sababu BAM, hisabati ya msingi, haifiki pale Advanced Mathematics ya tahasusi za PCM au PGM inapofika, na vyuo vya uhandisi hutaka kuona kalkulasi. Hilo halibadiliki kwa miezi miwili. Kinachowezekana ni mwalimu kueleza kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita husoma masomo makuu matatu na kwamba hawezi kuongeza la nne apendavyo, na mwanafunzi kuonyesha kozi ya kalkulasi aliyoimaliza nje ya shule, yenye alama.

Aliyemaliza kidato cha sita Mei na kuomba Novemba akiwa nyumbani hana alama mpya za kutuma. Matokeo yake yote tayari yako kwenye faili. Kwake kilichoongezeka lazima kiwe kazi, mafunzo, mradi, au mtihani mpya, na mthibitishaji awe msimamizi wake wa sasa. Mshauri bado ajaze fomu ya katikati ya mwaka na aandike wazi kwamba mwanafunzi amehitimu na hakuna alama mpya, ili faili lisionekane lina pengo.

Uganda, matokeo ya UACE, mtihani wa taifa wa kidato cha sita, hutoka kwa kuchelewa, karibu na Machi, mara nyingi kura zikiwa zimeshaanza. Tuma mock na alama za shule kwanza, kisha matokeo ya taifa siku yanapotoka. Wanaosoma mtaala wa Cambridge au IB watume alama mpya za makadirio pamoja na za mock.

Kama alama zimeshuka, usikae kimya. Kushuka bila maelezo ndiko kunakomaliza faili lililoahirishwa. Kama kulikuwa na ugonjwa, msiba, au shule ilikosa mwalimu wa somo kwa muhula mzima, mwalimu mshauri aseme kwa sentensi mbili. Yeye akisema ni taarifa. Ukisema wewe huonekana ni kujitetea.

Mitihani

SAT ya Desemba bado inaingia, maana alama zake hutoka ndani ya wiki mbili hivi. Ya Machi imechelewa. Kati ya hizo mbili, nje ya Marekani hakuna SAT. Kwa hiyo kila anayeomba mapema ningemshauri ajisajili SAT ya Desemba hata kabla ya kujua jibu, kama ada inapatikana na alama ya sasa iko chini ya anayoweza kuipata. MIT, Harvard, Dartmouth na Brown wamerudisha sharti la mtihani baada ya miaka ya janga la korona. Alama mpya ya mtihani wa Kiingereza, TOEFL, IELTS au Duolingo, ina maana kama ile ya kwanza ilikuwa chini ya kiwango cha chuo. Kupandisha ya juu iwe ya juu zaidi hakuongezi kitu.

Barua moja

Soma kwanza barua ya chuo na ukurasa wako wa mwombaji, mstari kwa mstari. Kuna vyuo vinavyotaka ujaze fomu ya kuthibitisha kwamba bado unataka kufikiriwa, usipoijaza, unatolewa. Kuna vinavyosema wazi visitumiwe chochote zaidi ya alama, na hapo kutii ndiyo njia pekee. MIT huwapa waombaji wote fomu yake ya Februari ya alama na habari mpya. Barua ya ziada ya mapenzi kwa chuo haina kazi pale, kila kitu kiende kwenye fomu.

Penye ruhusa, andika barua moja tu. Maneno 250 hadi 400, ukurasa mmoja. Ipakie kwenye ukurasa wa mwombaji. Kama hakuna mahali pa kupakia, itume kwa barua pepe kwa afisa wa eneo lako. Juu kabisa weka jina kama lilivyo kwenye ombi, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mwombaji. Hili la jina linasumbua watu wa kwetu kuliko wengine: pasipoti ina majina matatu, cheti cha shule kina mawili, barua pepe ina jina la utani, na karatasi hukosa faili la kuingia. Chagua mpangilio mmoja na uandike huohuo kila mahali.

Wakati mzuri ni baada ya alama kutoka, kati ya katikati ya Januari na wiki ya pili ya Februari. Anayeandika tarehe 17 Desemba bado ana uchungu, na hana jipya la kusema. Isitoshe, ofisi nyingi hufungwa kuanzia Krismasi hadi baada ya mwaka mpya.

Ndani, sentensi mbili za kwanza ziseme wewe ni nani na kwamba bado unakitaka chuo. Kama ni kweli kwamba ukikubaliwa utakwenda, sema hivyo bila kuzunguka. Sema kwa chuo kimoja tu, na kama unahitaji msaada wa fedha, sema utakwenda iwapo msaada utatosha, kwa sababu ahadi usiyoweza kuitimiza si ahadi. Kisha mambo mapya, mawili au matatu, kila moja na namba yake. Tuseme umeanzisha maktaba ya shule. Sentensi dhaifu ni hii: "Nimeendelea kuonyesha uongozi katika maktaba yetu." Yenye nguvu ni hii: "Tangu Novemba tumesajili vitabu 340, wanafunzi 12 wa kidato cha tatu wanaisimamia kwa zamu, na mkuu wa shule ameongeza saa mbili za kufungua jioni." Ya pili msomaji wako anaweza kuibeba kamatini kama ilivyo. Halafu aya fupi moja inayounganisha kazi hiyo na kitu mahususi cha chuo kile: maabara, kozi, mradi wa kijamii. Jina la chuo likiweza kubadilishwa na lingine na aya ikabaki na maana, ifute uanze tena.

Usirudie yaliyomo kwenye ombi, usiulize kwa nini hukukubaliwa, usieleze jinsi ulivyoumia. Na usitaje vyuo vilivyokukubali.

Barua ya ziada ya mapendekezo ni moja tu, na kwa mtu anayejua upande wako ambao walimu wawili wa kwanza hawakuuona: mwalimu wa somo la mwaka huu, msimamizi wa kazi. Barua ya mbunge au balozi asiyekujua haina uzito wowote, na inaweza kuacha hisia mbaya. Zawadi, albamu za picha na barua pepe za kila wiki ziache kabisa.

Fedha

Kwa mwanafunzi wa nje anayehitaji msaada, swali hili liko mezani hata lisipotajwa. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, haviangalii uwezo wa familia vinapoamua kumkubali mwombaji wa kigeni. Vingine vingi huangalia, na vina kiasi fulani cha fedha kwa wanafunzi wa kigeni kila mwaka. Sehemu ya kiasi hicho huwa imeshatumika Desemba. Unachoweza kukifanya ni kuhakikisha CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa fedha, imekamilika na nyaraka zote zimefika: taarifa za mshahara au barua ya mwajiri, taarifa za benki, maelezo ya biashara ndogo au shamba, na tafsiri ya Kiingereza ya kila kilichoandikwa kwa Kiswahili. Faili linaloonekana halijakamilika upande wa fedha linaweza kusubiri hadi kura ipite. Kama hali ya nyumbani imebadilika tangu Novemba, mzazi amepoteza kazi au mavuno yameharibika, iandikie ofisi ya fedha sasa, na ushahidi. Ofisi za EducationUSA, mtandao wa ushauri wa serikali ya Marekani, Nairobi na Dar es Salaam hutoa ushauri bila malipo na huzijua fomu hizi vizuri.

Kubadilisha kiasi ambacho familia inaweza kuchangia ili kuongeza nafasi ni hatari. Ukikubaliwa kwa kiasi ambacho hakipo, utakwama kwenye viza.

Wiki mbili za Desemba

Kati ya jibu la mapema na mwisho wa raundi ya kawaida, tarehe 1 hadi 5 Januari kwa vyuo vingi, kuna siku kumi na tano hadi ishirini, na ndani yake kuna Krismasi. Insha za vyuo vingine ziwe zimeandikwa kabla ya tarehe 15 Desemba. Common App inaruhusu vyuo 20; huhitaji vyote, lakini vinane au kumi vyenye ugumu tofauti ni kiasi cha kufaa, na angalau viwili viwe vile ambavyo alama zako ziko juu ya wastani wao na msaada wa fedha kwa wageni upo kweli. Mwombe mwalimu mshauri afungue maombi ya kusamehewa ada mapema. Usimwandikie tarehe 31.

Kwenye Common App muda hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za mahali ulipo. Tovuti za vyuo na za fedha zinaweza kutumia saa za mashariki ya Marekani, ambazo Desemba na Januari ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa nane. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi tofauti ni saa saba, kwa kuwa wao husogeza saa mbele. Kwa hiyo jibu linalotoka saa moja jioni kwao, wewe utalipata saa nane usiku, na la MIT, ambalo hutoka tarehe 14 Machi saa kumi na mbili na dakika 28 jioni, utalipata saa saba na dakika 28 usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukikubaliwa mahali, soma barua ya msaada wa fedha siku hiyohiyo, tenganisha ruzuku na mkopo, na kama kuna pengo, iandikie ofisi ya fedha mapema Aprili. Mwisho wa kujibu kwa vyuo vingi ni tarehe 1 Mei.